Magisk, TWRP na bekapu zikigombania boot: namna ya kuzipatanisha

Simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu Kariakoo zikiwa zimekwama kwenye logo zina historia inayofanana. Mwenye simu aliweka Magisk apate ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, mambo yakaenda. Baadaye akataka bekapu ya simu nzima, akaweka TWRP, ambayo ni rikavari (mfumo mdogo wa matengenezo unaowaka nje ya Android), na ruti ikatoweka. Akaiweka Magisk upya, safari hii TWRP ndiyo ikatoweka. Mwisho akakumbuka ana bekapu ya miezi iliyopita, akairudisha yote bila kuchagua, na tangu hapo simu haivuki nembo ya Google. Akifika ananiambia, "Fundi, simu imekufa." Haijafa. Programu mbili zimeandika mahali pamoja, halafu bekapu ikaja kufuta kazi ya zote mbili.

Mfano wangu hapa utakuwa Pixel 3a. Ndiyo ninayoitumia mwenyewe, na Pixel za mtumba zimejaa mjini. Samsung, Xiaomi na Tecno nitazigusa njiani. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua ninakoelekea: boot iwe na mwenyewe mmoja tu, naye ni Magisk. TWRP iitwe kutoka kwenye kompyuta inapohitajika, ifanye kazi yake, iondoke. Bekapu isiguse boot kabisa.

Kwa nini zinagombana

Zamani simu ya Android ilikuwa na patisheni, yaani vyumba vya hifadhi, mbili tofauti. Moja inaitwa boot, inabeba keneli na ramudiski, yaani vile vinavyoamsha simu. Nyingine inaitwa recovery. TWRP ilikaa kwenye recovery, Magisk ikatia kiraka boot, yaani ikaingiza msimbo wake humo, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Maelekezo mengi yanayozunguka mpaka leo yaliandikwa enzi hizo, na ndiyo yanayowaponza watu.

Android 7.0 ya mwaka 2016 ilileta mfumo wa sloti mbili, A na B, na Pixel ya kwanza ikatoka nao. Simu inawaka kwa sloti moja huku sasisho likiandikwa kimyakimya kwenye sloti ya pili. Ukizima na kuwasha, unaamkia upande mpya. Kwenye simu nyingi za namna hii patisheni ya recovery iliondolewa, rikavari ikahamishiwa ndani ya ramudiski ya boot. Ramudiski hiyohiyo ndiyo Magisk inayoitia kiraka. Ni chumba kimoja chenye wapangaji wawili, na anayeingia mwisho anatupa nje vyombo vya mwenzake.

Kujua simu yako iko kundi gani, iunganishe na kompyuta huku kipengele cha USB debugging, kilicho ndani ya Developer options, kikiwa kimewashwa, kisha andika kwenye kompyuta (adb imo kwenye Platform-tools za hapa chini):

adb shell getprop ro.boot.slot_suffix

Ikijibu _a au _b, una sloti mbili. Ikikaa kimya bila kujibu kitu, simu yako si ya sloti, na huenda ina recovery yake pembeni. Ugomvi wa ruti kutoweka hautakuhusu sana, ingawa sehemu ya bekapu hapa chini inakuhusu vilevile.

Kuna kundi la tatu. Simu zilizotoka kiwandani na Android 13, kama Pixel 7, zina patisheni nyingine inayoitwa init_boot, na ramudiski inayotakiwa na Magisk iko humo. Mtu anatia kiraka boot.img ya Pixel 7, anaiandika, simu inawaka vizuri, ruti haipo, anarudia mpaka usiku. Kwenye simu hizo kila nitakaposema boot kwa habari ya Magisk, wewe soma init_boot.

Vitu vya kuandaa

Kompyuta yenye betri inayoshika chaji, kwa sababu umeme ukikatika boot ikiwa katikati ya kuandikwa utaanza kazi nyingine ambayo hukuipanga. Waya unaopitisha data: nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zinachaji tu, na kompyuta itakaa imeandika "waiting for any device" mpaka uchoke. Platform-tools za Google, ambazo ndani yake mna adb na fastboot, programu za kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta. Kwa Windows, na draiva ya USB ya Google.

Halafu kuna faili la kiwandani la simu yako. Hapa usiwe na haraka. Fungua Settings, nenda About phone, nakili Build number herufi kwa herufi. Pixel 3a jina lake la kiwandani ni sargo, na 3a XL ni bonito; hazibadilishani mafaili. Pakua kutoka ukurasa wa Google toleo lenye Build number hiyohiyo, si la mwezi uliofuata kwa sababu ni jipya. Faili linapita GB 1, kwa hiyo mimi hupakua kwa bando la usiku. Ukilifungua utakuta zip nyingine ndani inayoanza na image-sargo, na ndani ya hiyo ndimo iliko boot.img. Itoe, na papo hapo ibadilishe jina iwe na Build number ndani yake. Ukiwa na boot.img tano kwenye folda moja, zote zinaitwa boot.img, siku ya dharura utaokota yoyote.

Usitumie boot iliyotiwa kiraka na mtu mwingine kwenye kundi la Telegram. Hata kama ana nia njema, simu yake huenda haina Build number kama yako.

Bekapu ya kwanza ni kabla ya ruti

Kufungua butiluda, yaani kufuli la programu inayoanza kuiwasha simu, kunafuta simu nzima. Bekapu za ruti zinahitaji butiluda iliyofunguliwa. Kwa hiyo bekapu ya kwanza lazima ifanyike kwa njia za kawaida: picha na video zinakiliwa kwa waya kwenda kwenye kompyuta, WhatsApp inahifadhiwa kwa bekapu yake yenyewe, namba za simu zinatolewa kama faili la vcf, na meseji zinahifadhiwa kwa programu inayotoa faili la XML. Watu hunitajia amri ya adb backup. Tangu Android 12, programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo na kuendelea hazitoi tena data zao kwa njia hiyo. Utapata faili, utafurahi, utakuja kukuta halina kitu cha maana.

Ukimaliza, gonga Build number mara 7 ili Developer options zifunguke, washa OEM unlocking, zima pia Automatic system updates iliyo humohumo, kisha ingia fastboot kwa adb reboot bootloader na uandike fastboot flashing unlock. Pixel nyingine za mtumba zilizouzwa awali na mitandao ya simu ya Marekani, hiyo OEM unlocking imefifia na haigusiki. Hakuna dawa ya bure. Ndiyo maana ukinunua Pixel kwa ajili ya kazi hii, mwambie muuzaji akuonyeshe kipengele hicho kabla hujatoa hela.

Kuweka Magisk bila kubahatisha

Peleka ile boot safi kwenye simu. Fungua programu ya Magisk, gusa Install, chagua "Select and Patch a File", mwonyeshe faili. Litatokea faili jipya kwenye folda ya Download, jina lake linaanza na magisk_patched. Livute lije kwenye kompyuta kwa adb pull, na ulifupishe jina.

Maelekezo mengi yanakwambia uliandike moja kwa moja. Mimi hulijaribu kwanza bila kuandika kitu:

adb reboot bootloader
fastboot boot magisk_patched.img

Simu inawaka kwa kutumia faili lililo kwenye kompyuta, wala patisheni haijaguswa. Ikiwaka vizuri na Magisk ikaonyesha kwamba imesimikwa, ingia kwenye Magisk, Install, chagua "Direct Install", na hapo ndipo inaandika. Ikikwama, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime, iwashe tena, inarudi ilivyokuwa. Simu ambazo haziikubali amri ya fastboot boot zinabaki na njia ya kawaida, fastboot flash boot magisk_patched.img.

Baada ya hapo kinachokupa usalama ni ile boot safi yenye Build number. Iweke kwenye kompyuta na kwenye flashi. Usiiache ndani ya simu peke yake, maana utakapoihitaji simu haitafunguka.

TWRP inaingia kama mgeni

fastboot boot twrp.img

Badala ya twrp.img weka jina la faili lako, lile la sargo. TWRP inapanda kwenye RAM, unafanya bekapu, ukiwasha simu upya haipo tena, na Magisk iko palepale. Ndani yake, kwenye Advanced, kuna kitufe cha "Install Recovery Ramdisk". Kitufe hicho ndicho kinachofuta ruti za watu: kinabadilisha ramudiski ya boot kwa ramudiski yake. Sikigusi.

Najua wapo wanaotaka TWRP ikae humo moja kwa moja, hasa wanaobadilisha ROM (mfumo mzima wa Android) kila wikendi. Sawa, basi fuata mpangilio: TWRP kwanza, Magisk baadaye, kila mara, na kila sasisho la mfumo likipita unaanza upya yote mawili. Programu ya Magisk ukiibadilisha mwisho wa jina kutoka apk kwenda zip, TWRP inaweza kuisimika, ingawa watengenezaji wa Magisk wenyewe hawaipendekezi tena njia hiyo. Kwa mtu mwenye simu moja ya kutegemea, sioni faida.

Sasa usimbaji, yaani data kufungwa kwa ufunguo. TWRP ikifunguka, kama simu bado ina PIN, itakuomba neno la siri, nalo ni PIN yako ileile ya kila siku. Ikikubali, utaona folda zako kwa majina yake. Ikikataa, au ikiruka hatua hiyo na ukaona mafaili yenye majina ya herufi zilizovurugika, maana yake TWRP hiyo haijui kufungua data ya toleo lako la Android. TWRP ya enzi za Android 9 usiitegemee kwenye Android 12. Hapo mtandaoni utaambiwa uende Wipe, kisha "Format Data", uandike yes. Ni kweli baada ya hapo TWRP itaona kila kitu, ila hakutakuwa na kitu cha kuona. Tafuta TWRP ya toleo lako, au achana nayo utumie bekapu ya programu moja moja ninayoieleza mbele.

Ikifunguka vizuri, gusa Backup. Weka tiki kwenye Data. System na Vendor ziache, unazo kwenye faili la kiwandani. Boot nayo iache, unayo safi na ya kiraka. Badilisha jina la bekapu, mwanzo liwe Build number. Kabla ya hapo, ukiwa bado kwenye Android, ondoa PIN na alama za vidole, na kama una akaunti ya kazi au programu zilizorudufiwa, kama WhatsApp mbili kwenye Xiaomi, ziondoe kwanza. Hizo za kurudufu ni chanzo kinachojulikana cha bekapu kukatika katikati na ujumbe wa ERROR: 255. Chanzo kingine ni nafasi kuisha, jambo la kawaida kwa simu ya GB 64.

Kuhusu PIN: ukirudisha data iliyohifadhiwa huku PIN ikiwepo, mara nyingi simu inawaka, inaomba PIN, na inaikataa ileile unayoijua. Ushauri wa zamani ulikuwa kufuta faili la locksettings.db kupitia TWRP. Kwa simu za siku hizi sikushauri. PIN imefungamana na ufunguo unaofungua data, na kulifuta faili hilo kunaweza kukuacha na skrini iliyofunguka na data isiyofunguka tena. Kuondoa PIN kwanza ni kazi ya dakika moja.

Kisha mambo mawili ambayo TWRP haikwambii kwa sauti. La kwanza, bekapu ya Data haichukui hifadhi ya ndani: picha, nyimbo, folda ya Download, picha za WhatsApp, vyote viko /data/media na TWRP inaviruka. La pili, bekapu yenyewe inawekwa huko huko ndani, kwenye folda ya TWRP/BACKUPS. Ukija kufomati data, umefomati na bekapu yake. Kwa hiyo ukiwa bado ndani ya TWRP:

adb pull /sdcard/TWRP/BACKUPS

Subiri imalize, hakiki ukubwa, ndipo uondoe waya.

Kurudisha ndiko kunakoua

Kuhifadhi hakujawahi kuharibu simu ya mtu. Kurudisha ndiko kunakohitaji macho.

TWRP ikionyesha orodha ya kurudisha, inaweka tiki kila mahali. Ukiikuta Boot humo, kwa sababu bekapu ilifanywa zamani au na mtu mwingine, itoe tiki. Boot ya mwezi wa pili ukiiweka juu ya mfumo wa mwezi wa tano, keneli na moduli zake hazielewani: mara simu inawaka ila Wi-Fi haiwaki, mara kioo hakishikiki, mara haiwaki kabisa. Wateja huniletea wakidai kioo kimekufa. Kabla hujanunua kioo kipya, andika boot inayolingana na Build number iliyopo.

Data nayo irudishwe juu ya Build number ileile iliyotoka, kwenye simu ileile. Data ya Android 12 haikubali kushuka kwenye Android 11. Na ndani ya data mna folda inayoitwa /data/adb, mahali moduli za Magisk, yaani nyongeza zake, zinapoishi. Ukirudisha bekapu ya zamani, umerudisha na moduli za zamani, hata zile ulizokuwa umezifuta kwa sababu zilikuwa zinakwamisha simu. Hii ndiyo sababu ninazima moduli zote kabla ya kufanya bekapu na kuziwasha moja moja baada ya kurudisha.

Kinyume chake pia hutokea: umefomati data, boot bado ina kiraka, na programu ya Magisk inasema inahitaji "additional setup". Hiyo si hitilafu. Mafaili yake ya upande wa data hayapo. Kubali, iache imalize na kuwasha simu upya.

Bekapu ya programu moja moja

Kwa matumizi ya kila siku hii ndiyo ninayoitegemea, wala haigusi boot. Neo Backup ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Swift Backup ni nzuri kwa anayetaka kupeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Titanium Backup tuliipenda sana, lakini imebaki kwenye enzi zake, na bekapu zake za Android ya zamani usizitumie kama msingi wa simu mpya.

Nazo zina migongano yake na Magisk.

Usiiweke Magisk yenyewe kwenye orodha ya bekapu. Wengi wameificha kwa jina jingine ili programu za benki zisiione. Bekapu ikirudisha Magisk yenye jina la awali, unapata Magisk mbili kwenye simu moja, kila moja inadai ndiyo yenye ruti. Dalili yake ni ombi la ruti linalotokea na kufa, au lisilotokea kabisa. Futa zote mbili, simika moja mpya.

Ruhusa ya ruti inatolewa kwa namba ya ndani ya programu, si kwa jina. Ukiifuta programu ya bekapu na kuiweka tena, inapata namba mpya, na Magisk haiijui. Ukiifungua kwa mkono itaomba, utakubali. Lakini kama ulipanga ifanye kazi saa nane usiku na hukuifungua, kila usiku inashindwa na wewe umelala. Baada ya kila usimikaji mpya fanya bekapu moja kwa mkono, kisha angalia tarehe ya faili. Itoe pia kwenye udhibiti wa betri, maana simu nyingi zinaiua kabla haijaanza.

Usirudishe data za programu za mfumo, kama vile Settings, launcher na huduma za Google, hasa baada ya kubadilisha toleo la Android. Meseji na namba zina njia yake ya XML na vcf.

Programu za benki na za pesa za mtandao usihangaike nazo. Funguo zake ziko ndani ya hifadhi ya usalama ya simu na hazitoki na bekapu. Ukirudisha data yake itafunguka na kukufukuza, au itafunga kabisa. Isimike upya ujisajili. Vivyo hivyo kwa zile zinazotoa namba za siri za muda: hamisha akaunti kwa njia ya programu yenyewe kabla ya kufomati. Na programu zinazokutambua kwa namba ya Android ya kifaa, washa kipengele cha SSAID unaporudisha, kisha zima na kuwasha simu kabla hujaifungua.

Sasisho la mfumo

Sasisho likifika na boot ina kiraka, kwa kawaida litakataa kuingia, kwa sababu linakagua patisheni kabla ya kuanza. Fungua Magisk, Uninstall, chagua "Restore Images", na usizime simu. Nenda Settings, simika sasisho, na likimaliza likiomba uwashe upya, usikubali bado. Rudi Magisk, Install, chagua "Install to Inactive Slot", halafu washa upya kupitia kitufe cha Magisk. Ikikwambia "Stock backup does not exist", si kilio. Ingia fastboot, andika ile boot safi, weka sasisho kama mtu asiye na ruti, kisha rudia kutia kiraka kwa boot ya toleo jipya. Bekapu ya data ifanye kabla na nyingine baada, na usizichanganye.

Simu ikiwa imekwama tayari

Kwanza usiguse "Factory data reset". Pixel ikishindwa kuwaka inaleta skrini inayosema haiwezi kupakia mfumo wa Android na kwamba huenda data imeharibika, ikikupa "Try again" au kufuta kila kitu. Mara nyingi data ni nzima. Boot ndiyo haifanani na mfumo. Zima, shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia, ingia fastboot.

fastboot getvar current-slot
fastboot flash boot boot-safi.img
fastboot reboot

Ikiwaka, mkosaji ni kiraka au TWRP, na unajua la kufanya. Bado imekwama kwenye michoro ya kuwakia? Shuku moduli. Kama butiluda ilifunguliwa, boot ya kiraka ipo, na USB debugging ilikuwa imewashwa, irudishe boot ya kiraka, unganisha waya, andika amri hii kisha washa simu:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Bila USB debugging, ingia hali salama kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati michoro inacheza; Magisk ikiona hali salama inazima moduli zote, na ukiwasha tena kawaida zinabaki zimezimwa.

Kubadilisha sloti kwa fastboot set_active naiacha mwishoni kabisa. Sloti ya pili inaweza kuwa na toleo la zamani, au sasisho lililokatika nusu, na data yako ya toleo jipya haitakaa vizuri juu ya mfumo wa toleo la zamani. Naitumia pale tu ninapojua sasisho limeingia juzi na upande wa zamani ulikuwa unawaka.

Xiaomi na Tecno zinaweza kuhitaji pia vbmeta, patisheni ya kuhakiki mfumo, iandikwe na uhakiki ukizimwa, la sivyo boot yoyote yenye kiraka inakataliwa. Samsung haina fastboot. Kazi inapita Odin, programu ya kompyuta ya kuandikia simu za Samsung, na kiraka kinatiwa kwenye faili zima la AP, lile la mfumo. Ukishaandika kitu kisicho cha Samsung, fyuzi ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, inaungua na hairudi.

Patisheni za IMEI

Tecno na Infinix nyingi zinatumia chipu za MediaTek, na IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inakaa kwenye nvram na nvdata. Pixel 3a ina chipu ya Qualcomm, huko ni modemst1 na modemst2. Nakala zake zichukue mara moja, simu ikiwa nzima, uziweke nje ya simu, na uzirudishe tu pale *#06# inapoonyesha sifuri au haionyeshi kitu. Ukiwa na ruti, kwenye Pixel:

adb shell
su
dd if=/dev/block/by-name/modemst1 of=/sdcard/modemst1.img
dd if=/dev/block/by-name/modemst2 of=/sdcard/modemst2.img

Za simu ya mwenzako usizitumie hata kama ni modeli ileile. Hapa Tanzania simu zenye IMEI bandia zilizimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tarehe 16 Juni 2016, na mwenye simu iliyopoteza IMEI hatabishana na mtandao akashinda.

Ukitaka kuiuza

Usifunge butiluda huku boot ikiwa na kiraka; simu itakataa kuwaka, na ukifunga njia umejifungia nje. Andika faili zima la kiwandani kwa skripti ya flash-all inayokuja nalo, iache iwake mpaka skrini ya kukaribisha, hakikisha OEM unlocking bado imewashwa, kisha rudi fastboot na uandike fastboot flashing lock. Itafuta data mara nyingine, kwa hiyo mteja usimwekee programu zake kabla ya hatua hiyo.